Sultani Aliyetaka Kuwa Jogoo

Hapo zamani, katika mji mmoja wa pwani ambao jina lake sitalitaja, maana wajukuu wa watu wale wangali hai na wana haya, alitawala sultani aitwaye Fumo Daudi. Wako watawala waliotawala kwa upanga, na wako waliotawala kwa busara. Yeye alitawala kwa joho. Asubuhi alivaa la manjano, adhuhuri la kijani, na jua likipinda alivaa lililotariziwa nyuzi za dhahabu mpaka mabegani. Waliokwenda kwake na mashtaka walingoja kwanza ajitazame kiooni, mbele na nyuma, na ikawa kesi nyingi za mji ule zilikwisha kwa wadai kufa kwa uzee.

Na katika mji huo huo alikuwapo maskini mmoja, Shaame, muuza kuku. Mali yake ilikuwa tenga moja la kubebea kuku, mke mmoja aitwaye Mize, binti mmoja aitwaye Mwanatumu, na ulimi ambao tangu azaliwe haukuwahi kumletea faida. Watu walimhesabu punguani, kwa sababu alizungumza na kuku wake njiani, na kwa sababu akiulizwa neno alilijibu lile lile aliloulizwa, wala hakulizidishia. Mtu akimwuliza, "Kuku huyu anataga?" Shaame humtazama kuku, kisha hujibu, "Sasa hivi hatagi, amefungwa miguu." Basi watu wakacheka, wakanunua, wakaenda zao, na Shaame akabaki akishangaa wanacheka nini.

Siku moja ikaja habari kwamba Sultani Hamadi, mtawala wa mji wa jirani, atafika Alhamisi ijayo kwa ziara. Fumo Daudi hakumjua kwa sura, lakini alikuwa amesikia kwamba fahari yake haina mfano, na tangu aliposikia hakulala usingizi. Akayatandaza majoho yake yote sakafuni, akayaona matambara. Ghala la nguo lilikuwa tupu, na wafanyabiashara wa vitambaa hawakutazamiwa mpaka mwezi wa pili. Akamwita waziri wake, Feruzi, mzee mwenye ndevu alizozitia hina zikawaka kama kaa la moto, akamtaka shauri.

Waziri Feruzi, ambaye hakuwa na shauri, akafanya kama wafanyavyo mawaziri wasio na shauri: akatazama dirishani. Huko nje, juu ya jaa la taka, alisimama jogoo mmoja, shingo yake nyekundu, mkia wake wa kijani umepinda, naye akiwika kana kwamba jaa lile alilirithi kwa babu zake. Chini yake tetea wawili wenye rangi ya udongo walikuwa wakichakura. Waziri akaona mlango wa kutokea.

"Ewe Sultani," akasema, "tazama Mungu alivyogawa. Rangi zote kampa jogoo, na jike kampa rangi ya vumbi. Kwa nini, ila kwa kuwa dume ndiye bwana, na bwana ndiye wa kupambwa? Lakini wanawake wa mji huu wanapita na leso nyekundu na visutu vyenye maua, na waume zao nyuma na vikoi vyeupe. Mambo yamekwenda kichwa chini."

Sultani akaliona neno hilo kuwa kubwa, hasa kwa kuwa lilimpa nguo. Jioni ile ile mbiu ya mgambo ikalia, na mpiga mbiu akasoma amri iliyopigwa muhuri: kama ilivyo kwa jogoo na tetea, ndivyo itakavyokuwa kwa mume na mke katika mji huu. Mwanamke atavaa kaniki, kile kitambaa cheusi kisicho ua wala nakshi, na nguo yake ya rangi ataitoa ipelekwe kwa Sultani. Amri hiyo ilisema kuwa wanaume wote watapambwa, lakini ikawa nguo zote zilikwenda kwenye joho moja tu, na mnajua la nani.

Askari wakapita nyumba kwa nyumba. Kwa Mize walikuta sanduku moja, na ndani ya sanduku nguo moja: kisutu chake cha harusi, cha rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, alichokikunja na asumini miaka ishirini. Ilikuwa ada ya watu wale kwamba bibi harusi hutoka nyumbani amefunikwa kisutu cha mama yake, na Mwanatumu alikuwa aolewe Ijumaa, siku moja tu baada ya mgeni kufika. Askari wakakichukua kisutu, wakaacha kaniki. Mize aliketi juu ya sanduku tupu mpaka mumewe akarudi.

"Baba Tumu," akamwambia, "nimekula nawe muhogo mkavu miaka ishirini, sikunung'unika. Leo nanung'unika. Mwanangu hatatoka nyumba hii na kaniki kama anayekwenda kuchota maji. Ulimi wako huo umetutia hasara miaka yote. Nenda leo ukautumie kwa kazi."

Shaame moyo ulimuuma. Alikuwa mtu wa kuchekwa, na mtu wa kuchekwa huzoea, lakini hakuzoea kumwona Mize amekalia sanduku tupu. Kesho yake akashika njia ya kwenda kwa Sultani, na bahati nzuri alikuwa na sababu ya kuingia, kwani Songoro, mpishi wa jumba lile, alikuwa amemwagiza kuku kwa ajili ya karamu ya mgeni. Agizo lilikuwa wazi, nalo lilitoka kinywani mwa Sultani mwenyewe: majogoo arobaini, majogoo watupu, na tetea asiguswe hata mmoja.

Akamkuta Sultani barazani, mafundi wanne wamempigia magoti wakimshonea mkia wa joho, na mkia wenyewe umekwisha fika mlangoni. Shaame akasalimu, akaomba jambo moja dogo: binti yake aruhusiwe kisutu kwa siku moja tu, kisha kirudi.

"Muuza kuku," akasema Sultani, "wewe ndiye ungekuwa wa kwanza kuisifu amri hii. Si umeishi na kuku maisha yako yote? Waambie watu hawa, jogoo kapewa manyoya yale kwa nini?"

Shaame akafikiri. Aliulizwa kwa nini, naye hakuwa na tabia ya kusema asilolijua. "Ewe Sultani, mimi humwuza tu," akajibu. "Sababu ya manyoya yake sijapata kumwuliza."

Barazani watu wakaangua kicheko, na hata fundi mmoja akajichoma sindano. Sultani hakupenda kicheko ambacho hakukianzisha yeye. Uso ukamwiva, akasema, "Basi kamwulize. Alhamisi alasiri, mbele ya mgeni wangu, utaniletea jibu, nami nataka kulipata kwa jogoo mwenyewe. Usipolileta, utanyonyolewa wewe: nywele, ndevu na nyusi, na binti yako ataolewa na kaniki, na tenga lako kichwani."

"Na nikilileta?"

"Ukilileta," Sultani akasema huku akicheka, kwa kuwa alijua jogoo hasemi, "neno lolote atakalolisema jogoo nitalifuata mimi, na jumba langu, na mji wangu wote."

Shaame akaomba neno hilo liandikwe chini ya ile amri ya kwanza na lipigwe muhuri. Sultani, kwa kufurahia mchezo, akaliandikisha. Mtu akijiona mrefu huwa hatazami alipokanyaga.

Siku zilizosalia Shaame alizipitisha uani kwake, amechuchumaa mbele ya kuku, mkono shavuni. Majirani wakachungulia, wakatikisa vichwa, wakasema punguani sasa amekwisha kabisa. Mize akampelekea uji hapo hapo uani. Jumatano alimwuliza kama jogoo amesema.

"Amesema tangu siku ya kwanza," Shaame akajibu. "Ni sisi tu hatukuwa tukimsikiliza." Kisha akahesabu majogoo thelathini na tisa, akawapeleka kwa Songoro mpishi, akamwambia yule wa arobaini amebaki kwake kwa kuwa ana ushahidi wa kutoa barazani, akiisha kuutoa, Songoro aje amchukue.

Alhamisi ikafika, na mgeni akafika. Watu wote walipanda juu ya madari kumwangalia, na wakamwona mtu mfupi mwenye kanzu nyeupe ya safari, miguu ina tope, anauliza kama pana maji ya kunawa. Huyo ndiye Sultani Hamadi. Fahari iliyosifiwa ilikuwa ya mashamba yake na visima vyake, na msimulizi aliyeleta habari hakueleza, kwa kuwa hakuulizwa. Fumo Daudi akatoka kumpokea amevaa joho lenye nguo za wanawake mia mbili, mkia wake umeshikwa na watumwa sita, na manyoya ya jogoo yamechomekwa kilembani. Mgeni akatazama mkia ule ukipita, ukapita, ukapita, kisha akasema tu, "Mashaallah, na joto hili."

Wakaketi barazani. Sinia za pilau na majogoo thelathini na tisa zilikuwa zimepangwa mkekani, zinatoa moshi. Bibi Mwanakheri, mke wa Sultani, na wanawake wa mji walialikwa wakae nyuma ya pazia, wote na kaniki zao, ili mgeni aone jinsi sheria ilivyoshika. Pembeni kinyozi alikuwa amekwisha tia maji bakulini, ananoa wembe. Ndipo Shaame akaingia na tenga lake kichwani.

Akapita karibu na mkia wa joho, na hapo mwisho kabisa, mahali panapoburura sakafuni, akakiona kisutu cha Mize kina vumbi na alama ya unyayo. Akatua tenga, akafungua, wakatoka jogoo mmoja mzuri na tetea wanne. Akamwaga konzi ya mtama mbele ya jogoo.

Jogoo hakula. Aliinama, akaidonoa punje moja, akaiangusha, akaidonoa tena, akaiangusha, huku akiita, ko-ko-ko, ko-ko-ko, mpaka wale tetea wakaja mbio. Wakala. Yeye akasimama kando, kifua mbele, anatazama wenziwe wakimaliza mtama.

"Amekwisha anza kujibu," Shaame akasema, akarudi nyuma.

Sultani akamwuliza amejibu nini. Shaame akasema yeye hana neno, jogoo ndiye aliyesema, na kila mtu ameona: mwenye manyoya mazuri huita, na wasio nayo hula. Barazani watu wakatazama pilau. Waziri Feruzi akasema kuwa huo ni upuuzi. Lakini mgeni, aliyekwisha kuelezwa habari yote ya amri na ahadi, akasema kwa upole kwamba huko kwao husifiwa sana kuwa neno la Sultani Fumo Daudi halirudi nyuma. Fumo Daudi angeweza kustahimili njaa. Kuaibika mbele ya mgeni hakuweza. Akafungua kinywa, akawaita wanawake.

Hawakuhitaji kuitwa mara mbili. Pazia likafunguka, wakatoka, wakanawa, wakaketi mkekani na kaniki zao, na Bibi Mwanakheri akachukua paja la kwanza. Wanaume wote wa baraza wakasimama kando, vifua mbele, wanameza mate. Watu waliokuwapo walisimulia baadaye kwamba tumbo la waziri lilisikika mpaka uwanjani.

Jogoo, alipoona tetea wameshiba, akaanza habari nyingine. Akateremsha ubawa mmoja mpaka chini, akamzunguka tetea mmoja kwa madaha, miguu inapigapiga, mkia unang'aa. Tetea hakumtazama. Akazunguka tena. Tetea akajikuna sikio kwa ukucha, kisha akaondoka.

Shaame akakohoa kidogo. Mgeni akamgeukia mwenyeji wake. Na Sultani Fumo Daudi, bwana wa mji na wa majoho, akasogea mbele, akainamisha bega moja, akaanza kumzunguka mkewe pale penye sinia. Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Katika wa pili alikutana na mkia wake mwenyewe, ukamzonga miguu, akaanguka kwa magoti, kilemba kikamwingia machoni. Bibi Mwanakheri akamtazama kwa muda, akafikiri, kisha akaendelea kula.

Hapo wanawake walishindwa, wakacheka mpaka wengine wakapaliwa. Sultani akainuka, jasho linamtiririka, akasema kwa hasira kwamba jibu limekwisha patikana na kinyozi afanye kazi yake kwa mtu huyu, kwa kuwa haya yote si sababu ya manyoya, ni michezo. Kinyozi akasimama na wembe wake. Shaame akashika ndevu zake, akatazama mlango wa jikoni. Mtu aliyemtegemea alikuwa amechelewa.

Na mara akaingia Songoro mpishi, mikono myekundu mpaka viwikoni, kisu mkononi. Hakujua lolote lililopita. Yeye alikuwa na hesabu yake ya jikoni. Akasema, "Sultani, niwie radhi. Majogoo wa mgeni wamepungua mmoja. Nimeambiwa yuko hapa."

"Yuko," Shaame akasema. "Mchukue yule mwenye mkia mrefu."

Songoro akatazama. Akamwona jogoo. Kisha akamwona na Sultani, amesimama katikati ya baraza, mwekundu, wa kijani, wa manjano, manyoya kichwani, na mkia wake umelala kuanzia mkekani hadi mlangoni. Songoro alikuwa mtumishi mwaminifu, hakupenda kukosea amri. Akabaki na kisu chake, anamtazama huyu, anamtazama huyu.

Sultani akarudi nyuma hatua moja. "Kwa nini jogoo?" akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Hao tetea wanne huwaoni? Chinja tetea."

"Ewe Sultani," mpishi akasema, "amri ni yako. Mgeni akija achinjwe jogoo, tetea asiguswe."

Ndipo Shaame akasogea mbele, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akajibu zaidi ya alivyoulizwa.

"Bwana wangu, uliuliza jogoo kapewa manyoya yale kwa nini, naye amekujibu kadiri awezavyo kiumbe asiye na ulimi. Tetea kavikwa rangi ya udongo ili alalie mayai yake na mwewe asimwone, kwa kuwa akipotea yeye nyumba imekwisha. Jogoo kavikwa rangi ili aonekane. Tetea amwone, na akipenda amkubali, na asipopenda ajikune sikio. Mwewe amwone, amwendee yeye kwanza. Na mgeni akibisha hodi, mwenye kisu asipoteze wakati kuuliza ni yupi. Miaka thelathini nauza kuku, na wewe u mteja wangu. Hujapata kuagiza tetea kwa ajili ya mgeni hata siku moja. Sasa jogoo amemaliza. Uliandika kwamba utalifuata neno lake, wewe na jumba lako na mji wako wote, na mpishi huyo amesimama, anangoja."

Mkono wa Sultani ukapanda polepole mpaka kilembani, ukachomoa yale manyoya, ukayaficha nyuma. Kisha akafungua kifungo cha joho, na cha pili, likamwanguka miguuni lote, akabaki na kanzu yake ya ndani, nyeupe, kama mtu yeyote.

Mgeni ndiye aliyeanza. Sultani Hamadi alicheka mpaka akajishika mbavu, akamwambia mpishi kwamba yeye tumbo lake dogo, na majogoo thelathini na tisa, kama akina mama wamembakishia mfupa, watamtosha. Na Fumo Daudi, ambaye kwa siku zake zote hakucheka ila kwa aliyoyaanzisha, akaona kwamba safari hii nayo aliyaanzisha yeye, akacheka. Kilikuwa kicheko kichungu kidogo, lakini kilikuwa kicheko.

Amri ikachanwa hapo hapo. Sultani akasema ni hasara wembe kunolewa bure, akamwonyesha kinyozi ndevu za waziri, na Feruzi akarudi kwake jioni kidevu kitupu kama yai. Shaame akaulizwa anataka zawadi gani, naye akasema anataka ncha ya mkia. Wakadhani ni upunguani umerudi. Mafundi wakaanza kufumua toka mwisho, na kila mwanamke akachukua chake, na cha kwanza kufumuliwa kilikuwa cha Mize. Akakipiga vumbi, akakinusa. Harufu ya asumini haikuwamo tena, na pindoni palikuwa na matundu ya sindano, lakini kilikuwa chake. Alimtazama mumewe, akamwambia ulimi wake sasa umelipa deni lote.

Ijumaa Mwanatumu akatoka nyumbani amefunikwa kisutu cha mama yake chenye matundu, na hakuna aliyeyaona matundu ila aliyejua. Sultani Fumo Daudi alihudhuria na kanzu nyeupe, akaketi mkekani pamoja na watu. Wakamkaribisha kwa heshima kama mgeni wa kwanza, wakamwekea mbele yake sahani ya wali na paja kubwa la kuku. Akaliangalia, akamwuliza Shaame ni la nani.

"La shahidi," Shaame akajibu, maana ndivyo alivyoulizwa.

Mimi niliyesimuliwa nimesimulia, na asiyesadiki akamwulize jogoo wake. Mji ule baadaye ulipata masultani wengine, wengine wazuri na wengine wapenda kujipamba, lakini jambo moja halikubadilika. Mwanamume akipita njiani amejiremba kupita kiasi, kifua mbele, nguo zinaburura, wanawake wa mji ule hawamcheki wala hawamtukani. Humsalimu kwa adabu zote, kisha humwuliza mgeni anafika lini.